Maswali ya Wasomaji: Eugene Shoemaker, mwanajiolojia aliyeusoma Mwezi akiwa duniani

Katika toleo lililopita tulichapisha kumbukumbu fupi ya Eugene Shoemaker, mwanajiolojia wa Marekani aliyefariki dunia tarehe 18 Julai 1997 kwa ajali ya gari nchini Australia, na ambaye wanasayansi wengi humhesabu kuwa mwasisi wa jiolojia ya sayari. Tulieleza kwamba ndiye aliyetoa ushahidi kuwa mashimo yaliyoujaza uso wa Mwezi yalichimbwa na vimondo, na kwamba sehemu ya majivu ya mwili wake imelala hukohuko Mwezini. Wasomaji wa Dodoma na mikoa jirani wametuandikia kwa wingi. Barua zilizofanana nimeziunganisha, na majina ya waandishi nimeyaacha, kama wengi wao walivyoomba.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Dodoma Mjini. Mmeandika kwamba Shoemaker ni mwasisi, na papo hapo mkasema hakuwahi kwenda angani. Ninayajua majina ya Gagarin na Armstrong. Mtu aliyebaki duniani akigonga mawe kwa nyundo anastahilije kukumbukwa pamoja nao?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako linagusa jambo ambalo hata waandishi wa habari za sayansi hulipita haraka, kwa hiyo uniruhusu nilijibu kwa kirefu.

Roketi humfikisha mtu au chombo mahali, lakini haimwambii anachokiona huko. Kufikia mwaka 1960 darubini zilikuwa zimeutazama Mwezi kwa miaka 350 hivi, na kila aliyetazama aliyaona yale mashimo ya duara, makubwa kwa madogo, yaliyopandana na kukatana. Hata hivyo wataalamu hawakuwa wamekubaliana yalitokana na nini. Wengi walidai kuwa ni midomo ya volkano zilizozimika zamani, na wachache walisema ni makovu ya vimondo. Ubishi huo haukuweza kumalizwa kwa kutazama kutoka mbali, na Shoemaker aliamua kulitafuta jibu mahali ambapo angeweza kulishika kwa mikono yake.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 28 Aprili 1928, akaingia chuo cha Caltech akiwa na miaka 16, na mwaka 1948 akaajiriwa na idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, ambako alipewa kazi ya kutafuta urani katika nyanda za juu za Colorado. Wakati huo hata Sputnik, setilaiti ya kwanza, ilikuwa bado miaka 9 kurushwa, lakini kijana huyo alikuwa ameshajiambia kwamba binadamu atafika Mwezini katika uhai wake, kwamba atakayehitajika huko ni mwanajiolojia, na kwamba mwanajiolojia huyo atakuwa yeye.

Katika jangwa la Arizona kuna shimo la duara lenye upana wa kilomita 1.2 hivi na kina kinachokaribia mita 170. Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia walioheshimiwa sana Marekani, alilipima akahitimisha kwamba lilifumuliwa na mvuke uliotoka chini ya ardhi. Mhandisi wa migodi Daniel Barringer alikataa maelezo hayo. Aliamini kwamba kimondo kikubwa cha chuma kilikuwa kimefukiwa chini ya shimo, na kuanzia mwaka 1903 alitumia mali yake na sehemu kubwa ya maisha yake akikichimba. Hakukipata, kwa sababu chuma hicho kilikuwa kimeyeyuka na kutawanyika pale kilipogonga. Barringer alifariki mwaka 1929 akiwa amelijua chimbuko la shimo lile kwa usahihi, huku wakubwa wa fani wakiendelea kutilia shaka maneno yake.

Shoemaker alifika hapo katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, akalichora shimo tabaka kwa tabaka. Aliona kwamba kwenye ukingo wake miamba imepinduka: tabaka changa lililokuwa juu limelala chini, na lile la kale lililokuwa chini limekaa juu yake, mithili ya mkeka uliokunjwa ukingo. Mpangilio huohuo alikuwa ameuona kwenye shimo lililoachwa na jaribio la bomu la nyuklia katika jangwa la Nevada. Kilichoyapindua matabaka kwa namna hiyo kilikuwa ni nguvu iliyoachiliwa kwa ghafla na kwa mara moja. Kisha mwaka 1960, akiwa na Edward Chao na Beth Madsen, alitangaza kwamba ndani ya mawe ya shimo lile mlikuwa na koesaiti. Hiyo ni silika, dutu ileile iliyomo kwenye mchanga wa kawaida, lakini iliyobanwa kwa shinikizo linalozidi mara 20,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Ilikuwa imetengenezwa maabara tangu mwaka 1953, ila hakuna aliyekuwa ameipata katika maumbile. Volkano inayolipuka juu ya ardhi haiwezi kubana mchanga kiasi hicho, bali kimondo kinachokuja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa sekunde kinaweza.

Mwaka huohuo alisafiri hadi Nördlingen, mji wa Ujerumani uliojengwa ndani ya bonde la duara lenye upana wa kilomita 24 hivi, ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa kazi ya volkano. Alichukua mawe kutoka machimbo ya jirani, na koesaiti ikapatikana humo. Mawe ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyojengea kanisa kubwa la mji, kwa hiyo watu walikuwa wakisali kwa karne kadhaa ndani ya kuta zilizotokana na pigo la angani bila yeyote kulifahamu.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Kufikia hapo alikuwa na alama zinazoonekana kwa macho na kwa hadubini, ambazo kwazo mtu angeweza kusema kwa hakika kwamba shimo hili lilipigwa kutoka juu, na zilikuwa zimethibitika katika mabara mawili. Kutokana na hapo mashimo ya Mwezi yaliacha kuwa fumbo, yakawa kumbukumbu inayosomeka: shimo lililokatwa na jingine ni la zamani zaidi, na eneo lenye mashimo mengi ni kongwe kuliko lenye machache. Kwa kanuni hiyo Shoemaker na mwenzake Robert Hackman waliandaa utaratibu wa kupanga umri wa sehemu za Mwezi kabla ya mguu wa mtu kugusa huko, na utaratibu huo, baada ya kuboreshwa, ndio unaotumika leo kukadiria umri wa nyanda za Mirihi na za Utaridi.

Mwaka 1961 alianzisha kitengo cha jiolojia ya anga, ambacho baadaye kiliweka makao yake Flagstaff, Arizona. Alishiriki katika vyombo vya Ranger vilivyopiga picha za Mwezi vikielekea kuugonga, kisha akaongoza uchunguzi wa picha wa vyombo vya Surveyor vilivyotua taratibu kuanzia mwaka 1966. Wakati huo baadhi ya wataalamu waliogopa kwamba chombo kikitua kitazama katika bahari ya vumbi. Shoemaker alishikilia kwamba juu ya Mwezi kuna blanketi la vifusi vilivyopondwa na vimondo kwa muda mrefu, lenye unene wa mita chache na linaloweza kubeba uzito. Surveyor 1 ilipotua tarehe 2 Juni 1966, ilisimama.

Yeye mwenyewe hakwenda. Mwaka 1963 madaktari waligundua kuwa ana ugonjwa wa Addison, unaozifanya tezi zilizo juu ya figo zishindwe kutoa homoni za kutosha, na mlango wa uanaanga ukafungwa. Alikuwa na miaka 35. Watu wengi wangesusa, na nisingewalaumu. Yeye alibaki na kazi, akawapeleka wanaanga kwenye shimo la Arizona na kwenye miamba ya volkano, akawafundisha kutazama jiwe pale lilipo kabla ya kuliokota. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyepita katika kitengo cha Flagstaff, ndiye aliyetembea Mwezini Desemba 1972 katika safari ya Apollo 17. Kwa maoni yangu, mwanangu, Armstrong alituonyesha kwamba mtu anaweza kusimama kule, na Shoemaker ndiye aliyetuwezesha kujua amesimama juu ya nini. Sioni sababu ya kumweka mmoja chini ya mwingine.

SWALI: Shule yetu ya Kondoa ilitupeleka Ngorongoro, na wote huko huliita shimo lile kreta. Je, nalo liligongwa na kimondo? Na ule uwanda wa chini wa Bahi, ambao ukitoka Kilimatinde unauona umezama, nao ni shimo la namna hiyo?

JIBU: Hapana, yote mawili yana asili nyingine, na inafaa kueleza kwa nini, maana kuweza kutofautisha ndiko hasa alikotuachia Shoemaker. Ngorongoro ni kaldera. Zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Baada ya uji wa moto uliokuwa chini yake kutoka, kilele kilikosa kitu cha kukibeba kikaporomoka ndani, likabaki bakuli lenye upana wa kilomita 20 hivi. Mawe yaliyolizunguka ni lava na majivu yaliyogandamana, na hayana zile alama za kupigwa kwa ghafla. Bahi nayo ni sehemu ya Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, na ile miteremko mikali ya Kilimatinde ni ukingo wa ule mpasuko.

Afrika ina mashimo ya vimondo yaliyothibitishwa. Ziwa Bosumtwi nchini Ghana limekaa ndani ya shimo la kilomita 10 na nusu hivi, lenye umri wa miaka milioni 1 na kidogo. Vredefort, Afrika Kusini, ni kovu la pigo lililotokea miaka bilioni 2 iliyopita, kubwa kiasi kwamba UNESCO iliandikisha sehemu yake kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2005. Lililo karibu nasi ni Luizi, katika Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye upana wa kilomita 17 hivi, ambalo lilithibitishwa mwaka 2011 baada ya watafiti kufika na kukusanya mawe yenye alama za mgandamizo. Kwa Tanzania hakuna hata moja lililothibitishwa mpaka sasa.

Msielewe kwamba nchi yetu iliepushwa. Mwamba wa msingi wa katikati ya Tanzania, ambao Dodoma na Singida zimekaa juu yake, una sehemu zenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na katika muda mrefu hivyo haiwezekani kwamba haukupigwa. Mvua, mito, udongo na mipasuko ya ardhi vimezifuta alama hizo, au vimezifunika. Mwezi hauna hewa wala mto, kwa hiyo umetunza kila pigo. Ndiyo sababu mtu anayetaka kujua yaliyoipata Dunia ikiwa changa hulazimika kwenda kuuliza kule.

SWALI: Ndugu Mwandishi, hapa Singida watoto wangu wanabishana kuhusu haya mawe makubwa yaliyobebana vilimani. Mkubwa anasema yalianguka kutoka angani. Mimi pia ningependa kujua, mtu akikuta jiwe jeusi zito shambani atalitambuaje kuwa ni kimondo?

JIBU: Mwambie mkubwa kwamba mawe hayo yamezaliwa hapohapo. Ni graniti, iliyopoa chini sana ya ardhi na baadaye ikapasuka kwa nyufa zilizokatana. Maji yalipenya kwenye nyufa wakati mwamba ungali umefunikwa na udongo, yakazila pembe haraka kuliko pande, na udongo ulipochukuliwa na mvua zikabaki zile nyoyo za mviringo zimepandana. Hata kilima cha Mlimwa hapa Dodoma ni mali ya ukoo huohuo wa miamba.

Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jembamba jeusi, kwa sababu uso wake uliungua ukipita hewani. Huwa kizito kuliko jiwe la ukubwa wake, vingi huvuta sumaku, na ndani hakina vitundu. Masalia ya tanuri za zamani za kufulia chuma huwadanganya wengi, kwa kuwa nayo ni meusi na mazito, lakini ukiyavunja utayakuta na vitundu vya hewa. Mwenye mashaka asilipasue jiwe lake. Alipeleke katika ofisi za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambazo makao makuu yake yako hapa Dodoma.

Sote tumesikia habari za kimondo cha Mbozi, kilichoko mkoani Songwe, kile kipande cha chuma na nikeli chenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Nataka hata hivyo niwaeleze habari za kimondo kingine cha mkoa huohuo, ambacho hakijulikani vya kutosha hapa nyumbani ingawa jina lake liko katika kila kitabu cha fani hiyo duniani. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, na kilichookotwa hakikufikia hata kilo moja: ni gramu 705 tu. Ni jiwe jeusi, laini, lililojaa madini yaliyowahi kukutana na maji. Lilipopimwa lilionekana kuwa na mchanganyiko wa elementi unaokaribiana sana na ule wa Jua lenyewe, ukiondoa gesi nyepesi, maana yake ni kwamba lilihifadhi malighafi iliyofanyiza Mfumo wetu wa Jua kabla sayari hazijatengana kuwa miamba na chuma. Vimondo vya namna hiyo ni vichache mno, na kundi zima limepewa jina la kijiji chetu. Wataalamu huliandika CI, na hiyo I ni ya Ivuna.

Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu 5.4 za vumbi na changarawe kutoka asteroidi ya Ryugu, mojawapo ya miamba midogo inayolizunguka Jua, baada ya safari ya miaka 6. Maabara zilipochunguza mzigo huo, zilikuta kwamba unafanana zaidi na kundi la Ivuna kuliko kundi jingine lolote. Taifa zima la wahandisi lilikwenda mamilioni ya kilomita, na jiwe lililokuwa rejea yao ya kulinganishia lilikuwa limekwishaanguka kwetu. Naliandika hili kwa fahari, na pia kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimewauliza wanafunzi wengi nao hawajawahi kulisikia.

SWALI: Mimi ni mama na mwalimu wa msingi huku Mpwapwa. Mlimtaja mke wake kwa sentensi moja tu. Je, alikuwa msaidizi wake, au naye alikuwa mwanasayansi?

JIBU: Mama, una haki ya kuuliza, na sentensi moja kwa kweli ilikuwa chache.

Carolyn Spellmann alizaliwa mwaka 1929, akasoma historia na sayansi ya siasa, akafundisha shule kwa muda mfupi, akaolewa na Eugene mwaka 1951, akalea watoto watatu. Aliingia katika unajimu wa kisayansi akiwa na miaka 50 hivi, watoto wakiwa wamekua. Mumewe wakati huo alikuwa akitafuta asteroidi na nyotamkia zinazokatiza njia ya Dunia, kwa kuwa alitaka kujua ni mara ngapi tunaweza kugongwa. Kazi ilifanyika katika mlima Palomar, California, kwa darubini ndogo yenye kioo cha nusu mita hivi. Walipiga picha mbili za eneo moja la anga kwa kupishana muda usiofika saa mbili, kisha Carolyn akazitazama pamoja kwa kifaa chenye macho mawili. Nyota hukaa mahali pake. Kitu kilichosogea kati ya picha ya kwanza na ya pili huonekana kimeinuka juu ya nyota. Kazi hiyo inadai subira na jicho lisilochoka. Aliifanya hadi akawa amegundua nyotamkia 32 na asteroidi zaidi ya 500, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyemzidi kwa nyotamkia.

Machi 1993, katika picha walizopiga pamoja na David Levy, aliona kitu kilichorefuka ambacho hakikufanana na nyotamkia ya kawaida. Hesabu zilionyesha kwamba ilikuwa nyotamkia iliyopita karibu mno na Mshtarii, yaani Jupita, mwezi Julai 1992, ikararuliwa na nguvu ya mvutano wa sayari hiyo, na kwamba vipande vyake vilikuwa njiani kuigonga. Kuanzia tarehe 16 hadi 22 Julai 1994 vipande zaidi ya 20 viliingia Mshtarii kimoja baada ya kingine kwa kasi ya kilomita 60 kwa sekunde, na darubini ya Hubble ikaonyesha madoa meusi, mengine yenye upana unaokaribia ule wa Dunia nzima. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo binadamu akashuhudia kwa macho yake mwili mmoja wa angani ukiugonga mwingine kwa kishindo cha namna hiyo. Wale waliokuwa bado wanadhani migongano ni habari ya zama za kale walipata jibu lao katika wiki moja.

Katika ile ajali ya mwaka 1997 Carolyn alikuwa kwenye gari pamoja na mumewe. Aliumia, akapona, akarudi kazini. Alifariki tarehe 13 Agosti 2021 akiwa na miaka 92. Kama unawafundisha wasichana wa darasa la sita, wasomee habari hii, na usiwafiche umri alioanzia.

SWALI: Kama Mshtarii iligongwa, sisi je? Niko Manyoni, nimesoma mambo ya kutisha kwenye simu.

JIBU: Dunia itagongwa tena, lakini habari nyingi za kwenye simu hazina msingi. Vitu vikubwa vyenye upana wa kilomita moja au zaidi vinavyopita karibu nasi vimeshatambuliwa karibu vyote, na hakuna hata kimoja kinachojulikana kuwa kitatugonga katika karne hii. Vinavyosumbua ni vile vya wastani na vidogo, kwa kuwa vingi havijaonekana. Tarehe 15 Februari 2013 kimoja chenye upana wa mita 20 hivi kililipuka angani juu ya Chelyabinsk, Urusi, kikavunja vioo vya madirisha na kujeruhi watu zaidi ya 1,000, na hakuna aliyekiona kikija kwa sababu kilitokea upande wa Jua. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye Dimorphos, asteroidi ndogo inayozunguka nyingine, na muda wake wa mzunguko ukapungua kwa dakika zipatazo 32. Kwa hiyo inajulikana sasa kwamba njia ya kitu kama hicho inaweza kusogezwa, mradi kionekane mapema, na msako wa kuvitafuta unaendeleza kazi ileile ya Palomar.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mzee wa hapa Dodoma. Mmesema majivu ya marehemu yako Mwezini. Kwa mila zetu na dini zetu, maiti huzikwa katika ardhi. Jambo hili lilifanyikaje, na hapakuwa na aliyelikataa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Aliyetoa wazo hilo ni Carolyn Porco, mwanasayansi wa sayari aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Shoemaker, na familia ikaridhia. Mwili ulikuwa umechomwa kwa desturi iliyozoeleka kwao, na sehemu ndogo ya majivu, yapata gramu 28, iliwekwa katika kikasha kidogo ndani ya chombo cha Lunar Prospector, kilichorushwa Januari 1998. Tarehe 31 Julai 1999, kazi yake ilipokwisha, chombo hicho kiligongeshwa katika shimo lililo karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ambalo leo linaitwa Shoemaker. Ndiye mtu wa kwanza kuwa na mabaki yake huko.

Palikuwa na waliokataa, na ni vema umeuliza. Wanavajo, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, wanauheshimu Mwezi kuwa kitu kitakatifu, na kiongozi wao Albert Hale alipinga hadharani kupeleka mabaki ya mtu huko. NASA iliomba radhi na kuahidi kushauriana nao kabla ya kufanya tena jambo kama hilo. Binafsi naelewa mapenzi ya familia kwa mtu aliyekosa kwenda akiwa hai, na naona pia kwamba malalamiko ya Wanavajo yalikuwa ya haki, kwa sababu Mwezi unatazamwa na watu wote na hakuna taifa linaloumiliki. Kadiri safari za huko zinavyoongezeka, suala hili litarudi, na wazee wa mila na viongozi wa dini wa Afrika nao wanapaswa kusikilizwa likirudi.

Shimo lenyewe lina thamani nyingine. Sakafu yake haijawahi kupata mwanga wa Jua kwa muda mrefu sana, na baridi yake inaweza kuhifadhi barafu. Shoemaker aliongoza jopo la wanasayansi wa chombo cha Clementine, ambacho mwaka 1994 kilitoa dalili za mwanzo za barafu katika ncha hiyo, na Lunar Prospector ilitumwa kuendeleza uchunguzi. India ilitua upande wa kusini tarehe 23 Agosti 2023 kwa chombo cha Chandrayaan-3, na mpango wa Artemis wa Marekani unakusudia kupeleka watu katika eneo la ncha hiyo, kwa sababu penye maji mtu anaweza kukaa.

SWALI: Binti yangu ana miaka 14, anasoma Kongwa, na tangu asome makala yenu anasema atasoma sayari. Aanzie wapi, na je, ni lazima aende ng'ambo?

JIBU: Aanzie na ardhi ya Kongwa. Aokote mawe, aandike alipolipata kila moja, siku aliyoliokota na lilivyokaa, kwa kuwa jiwe lisilo na mahali lilipotoka halina faida kwa mtafiti. Shuleni asiache Fizikia, Kemia, Hisabati na Jiografia hata mwalimu mmoja akimkatisha tamaa. Jiolojia inafundishwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada ya kwanza anaweza kuipata hapa nchini bila wasiwasi. Masomo ya juu ya vimondo na sayari huenda yakamlazimu kusafiri, ila hilo ni jambo la baadaye. Ukipata nafasi ya kumleta mjini, andika barua GST mapema uombe aonyeshwe sampuli za miamba na ramani za jiolojia za wilaya yenu. Na picha zilizopigwa na vyombo vya angani vya NASA hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti: atafute shimo la Shoemaker lenyewe, kisha ajaribu kupanga kwa mkono wake ni mashimo yapi ya jirani yaliyotangulia na ni yapi yaliyofuata.